Tuzo ya Kutokuja Kazini na Gari la Mtu Mmoja: Tathmini Baada ya Miezi 14

Kampuni ninayoifanyia kazi iko katika Eneo la Viwanda, Nairobi, na kwa muda wa miezi 14 sasa imekuwa ikiendesha mpango wa kuwatambua na kuwatuza wafanyakazi ambao hawaji kazini wakiwa peke yao garini. Nimeshiriki tangu siku ya kwanza, na kwa kuwa mimi ni mhasibu, malipo yote ya mpango huu hupitia mezani pangu kabla ya kutoka. Ninauandikia tathmini hii kama mtu anayepokea na pia kama mtu anayelipa, kwa ajili ya wenzangu katika kampuni nyingine za jiji hili ambao wameniuliza zaidi ya mara moja iwapo wawaombe waajiri wao waanzishe kitu kama hiki. Jibu langu ni kwamba waombe, lakini wasikubali kianze kwa namna kilivyoanza kwetu.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Mfanyakazi anapofika langoni humweleza askari amefikaje, naye askari hutia alama katika daftari: kwa miguu, kwa baiskeli, kwa treni, kwa matatu au basi, au katika gari lililobeba watu wawili na zaidi. Anayefikisha siku 12 katika mwezi hulipwa posho pamoja na mshahara wake, jina lake husomwa katika kikao cha wafanyakazi wote Jumatatu ya kwanza ya mwezi unaofuata, na akidumu hivyo kwa miezi mitatu mfululizo hupewa nusu siku ya mapumziko yenye malipo. Magari yanayobeba wenzao yametengewa nafasi tano za kuegesha karibu na mlango, chini ya paa. Aliyeombwa na msimamizi wake abaki baada ya saa za kazi, akikuta treni imekwisha kuondoka, hurudishwa nyumbani na gari la kampuni bila kutozwa chochote.

Nilijiunga nikiwa dereva wa gari la mtu mmoja. Ninaishi Syokimau, na kwa miaka sita nilikuwa nikitoka nyumbani kabla ya mapambazuko ili niiwahi Barabara ya Mombasa kabla haijafungana, na bado nilikuwa nikifika ofisini nimechoka kuliko nilivyokuwa nikitoka jioni. Kituo cha reli cha Syokimau kilifunguliwa Novemba 2012, mwezi ule ule ambao Barabara Kuu ya Thika iliyopanuliwa ilizinduliwa rasmi, lakini sikuwahi kufikiri kwamba kilijengwa kwa ajili ya mtu kama mimi. Barabara ya kulipia iitwayo Expressway ilipofunguliwa mwaka 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, nililipia nikapita juu, nikagundua kwamba anayekuja Eneo la Viwanda hana budi kushuka na kuingia katika foleni ile ile ya malori na matatu aliyodhani ameikimbia. Siku hizi hupanda treni ya asubuhi, nikashuka Makadara na kumalizia kwa miguu. Sijaliuza gari, hulitumia Jumamosi na ninapompeleka mama hospitalini. Nakiri kwamba posho peke yake isingenitoa ndani ya gari lile. Kilichonitoa ni kujua kwamba siku nitakapozuiliwa na hesabu za mwisho wa mwezi sitaachwa barabarani usiku. Kwa hiyo kampuni itakayoiga mpango huu ikakosa pesa za kila kitu, na iache vyeti na posho, lakini isiache gari la dharura.

Hata hivyo, miezi minne ya kwanza ilikuwa na kasoro ambayo sitaki kuipita kwa haraka, kwa sababu nimeona dalili zake katika mapendekezo ya kampuni nyingine mbili ambazo watu wake walinionyesha. Mpango ulipoanza, sharti la kushiriki lilikuwa kurudisha stika ya maegesho. Mfanyakazi aliyekuwa na stika akaikabidhi kwa hiari aliandikishwa, akapewa kadi na kuanza kuhesabiwa siku zake. Ambaye hakuwahi kuwa na stika hakuwa na la kurudisha, kwa hiyo hakuandikishwa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Walioandika sharti hilo wote walikuwa na magari, nao walidhani swali ni namna ya kuwaondoa watu garini. Hawakukumbuka kwamba wengi wa wenzao hawajawahi kuingia humo.

Katika kikao cha kwanza cha tuzo, baada ya majina ya mameneja watatu na langu kusomwa na kupigiwa makofi, mama mmoja wa idara ya usafi alisimama. Yeye hutembea kila siku kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga, kiangazi na masika, na hata wakati wa mafuriko ya Aprili 2024, ambayo yalizikumba vibaya nyumba za Mukuru, alifika kazini. Alimwambia mkuu wa idara ya wafanyakazi kwa upole, «Madam, mimi gari sijaliacha kwa sababu sijawahi kuwa nalo. Sasa katika ile fomu nijaze nini?» Mkuu huyo alimjibu, «Mama, hilo hatukulifikiria. Nakuomba unipe muda.» Ukumbi ulinyamaza. Nilikaa na cheti changu mkononi nikaona aibu, maana nilikuwa nimesifiwa kwa kufanya kwa mwezi mmoja jambo ambalo yeye amelifanya kwa miaka 11.

Makadirio yanayotumiwa sana na wapangaji wa jiji husema kwamba takriban asilimia 40 ya safari za Nairobi hufanywa kwa miguu. Kaunti yenyewe ililitambua hilo katika sera yake ya mwaka 2015 kuhusu usafiri usiotumia injini, ikaahidi kutenga sehemu ya bajeti yake kwa ajili ya waendao kwa miguu na wapanda baiskeli. Ukisimama kwenye lango letu saa moja asubuhi huhitaji sera kukuambia: wanaokuja kwa miguu kutoka Mukuru na Lunga Lunga ni wengi kuliko wote, wakipita ukingoni mwa barabara ambayo mara nyingi haina njia yao, kati ya mtaro na gurudumu la lori. Mpango wa tuzo unaowaruka watu hao unamtuza mtu kwa utajiri alioupunguza kidogo, na unamwambia asiye nacho kwamba mchango wake hauonekani.

Marekebisho yalitoka kwenye vitabu vya hesabu. Kampuni hukodi uwanja wa jirani kwa ajili ya magari yasiyotosha ndani, na nilipoigawanya kodi hiyo kwa idadi ya magari, nikaongeza na mshahara wa mlinzi, ilidhihirika kwamba kila anayekuja na gari lake hupewa na mwajiri zawadi ya kila mwezi ambayo haiandikwi kwenye hati ya mshahara wake. Anayetembea hapewi chochote. Wazo hili si langu. Donald Shoup, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, alilitetea kwa miaka mingi, na mwaka 1992 jimbo la California lilitunga sheria inayowataka baadhi ya waajiri wanaolipia maegesho wampe mfanyakazi hiari ya kuchukua pesa taslimu badala ya nafasi ya kuegesha. Shoup aliwachunguza waajiri wanane waliofanya hivyo, akakuta kwamba wafanyakazi wanaoendesha gari peke yao walipungua kutoka asilimia 76 hadi 63. Kule wengi walikuwa na magari. Hapa kwetu hoja hiyo ina uzito zaidi, kwa sababu inafikisha haki kwa mtu ambaye hakuwa na hiari tangu mwanzo. Niliandika ukurasa mmoja, nikaupeleka kwa wakuu, na tangu mwezi wa tano wa mpango posho imekuwa moja kwa wote, kiasi kinacholingana na gharama ya nafasi moja ya gari, awe meneja aliyerudisha stika au kibarua wa ghalani aliyekuja kwa miguu.

Tangu hapo vikao vya Jumatatu vimebadilika. Majina yanayosomwa ni mengi, na huchukua muda, lakini sijasikia anayelalamika. Yule mama wa usafi alisomwa wa kwanza, kwa idadi ya miaka yake, na mkurugenzi akashuka jukwaani kumpa mkono. Vilevile bafu lililokuwa ghala la vifaa vibovu limetengenezwa, likawekwa makabati ya kufungia nguo, jambo ambalo linawafaa wanaotembea katika vumbi la Januari zaidi kuliko linavyomfaa mpanda baiskeli. Mpanda baiskeli kwetu ni mmoja tu, na simlaumu asiyemfuata maadamu njia ni hizi.

Upande wa kuchangia gari ndio dhaifu zaidi. Sheria ya Kenya inalitaka gari linalobeba abiria kwa malipo liwe na leseni ya uchukuzi wa umma, na bima ya kawaida ya gari la binafsi haikuandikwa kwa ajili ya abiria wa kulipa. Kwa hiyo tuliambiwa, na nadhani ni sahihi, kwamba abiria asimpe mwenye gari nauli. Wenye magari wanaoishi njia moja hupokezana kwa wiki, na asiye na gari hubebwa bure huku kampuni ikimchangia dereva mafuta. Hili linafanyika vizuri kwa watu wa Donholm na Buruburu, ambao hawako mbali, lakini kundi la Rongai lilivunjika baada ya wiki sita kwa sababu mmoja alikuwa akichelewesha wenzake kila siku na hakuna aliyepewa jukumu la kusema naye. Baadhi ya akina dada pia hawapendi kupanda gari la mwanamume wanayemfahamu kwa jina tu, na ingefaa waruhusiwe kujipanga wenyewe badala ya kupangiwa na ofisi.

Kasoro nyingine ni ya posho isiyobadilika. Mvua ikinyesha jioni, nauli ya matatu katika jiji hili yaweza kupanda maradufu kabla kondakta hajafungua mlango, na aliyepanga bajeti yake kwa nauli ya kawaida huishiwa kabla ya mwezi kwisha. Nimependekeza kiasi kiongezwe katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na bado nasubiri jibu. Kuhusu daftari la langoni, lina foleni yake, na wapo waliogunduliwa wakiacha gari mtaa wa pili kisha wakaingia kwa miguu. Walikuwa wawili. Walisemeshwa faraghani na jambo likaisha, na naona hiyo ni njia bora kuliko kuwapachika watu wote mashine za kuwafuatilia.

Kinachonizuia kuupa mpango huu alama zote ni zamu ya ghala inayotoka saa nne usiku. Gari la kurudisha watu nyumbani ni la aliyeombwa abaki. Hao hawakuombwa, ratiba yao ndiyo hiyo, kwa hiyo husomewa majina yao Jumatatu na kupokea posho, kisha usiku hutembea kwa makundi hadi Mukuru katika giza. Gharama ya basi dogo la viti 14 kwa safari mbili za usiku nimeiweka katika makadirio ya mwaka wa fedha unaoanza Julai, pamoja na hesabu inayoonyesha kwamba ni ndogo kuliko kodi ya nafasi za maegesho ambazo tayari tumeziacha. Kwa sasa ninaupa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nimeiwekea basi hilo.