Picha za Mwanza usiku: nunua kwanza kinachoshika kamera

Nilibadilisha simu mara mbili kabla sijanunua stendi ya kamera hata moja. Picha zangu za Kapripoint, pale kando ya ziwa, zikabaki zilezile: taa za ng'ambo zimevutika kama minyoo, maji yamejaa chenga, na hospitali ya Bugando kule juu kilimani ni doa jeupe. Kumbe tatizo lilikuwa mikono. Giza likiingia, kamera huacha mlango wake wazi kwa sekunde kadhaa ili ikusanye mwanga, na hakuna mkono wa binadamu unaotulia sekunde 4, hata uwe umeegemea ukuta na umebana pumzi.

Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa jinsi pesa yako itakavyoonekana kwenye picha. Bei sitaji. Zinapanda na kushuka kila mzigo mpya unapoingia, na ukitokea dukani na begi la kitalii mgongoni zinapanda mara ya pili.

Nafasi ya 1: stendi fupi ya aluminiamu

Tafuta ya miguu mitatu yenye vipande vinne au vitano, ambayo ikikunjwa ni kama sentimita 40 na ikisimama inafika kifuani. Uzito wa kilo moja na nusu unatosha. Inaingia kwenye begi la mgongoni, haikulazimishi kuikabidhi kwenye buti la basi, na ukiwa nayo kilimani hutembei kama uliyebeba nguzo.

Usinunue kwa kuitazama. Ifungue miguu yote pale pale kaunta, weka kiganja juu ya kichwa chake na ukandamize. Mguu ukijirudisha ndani, mrudishie mwenye duka. Kisha bana simu yako ikiwa na kava lake, iinamishe nusu, kaza, na uhesabu hadi 30. Stendi mbovu kichwa chake hushuka polepole kama mzee anayesinzia mkutanoni, na picha ya sekunde 10 itashuka nacho. Mwisho angalia skrubu ya juu: kamera karibu zote hutumia ya robo inchi, kwa hiyo stendi yenye skrubu hiyo utaitumia hata ukija kununua kamera. Kibanio cha simu kiwe cha kutoa na kurudisha, kisigandishwe.

Kwa nini nasema fupi? Mwaka jana nilipanda kilima cha Mabatini jioni na stendi ndefu ya kuazima, ile ya kufika juu ya kichwa. Nikaisimamisha kwenye jiwe kati ya nyumba mbili. Mama mmoja akatoka na sufuria mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mnapima tena? Mbona hamkutuambia?"

Ilibidi nimwonyeshe picha tano kwenye simu ndipo akaamini kwamba sikutumwa na wapima viwanja. Kwenye vilima ambako watu wamejenga juu ya mawe na wanaishi na wasiwasi wa kubomolewa, miguu mitatu mirefu haina sura nzuri. Stendi fupi, salamu, na kuomba ruhusa kabla hujaifungua vitakupa jioni tulivu. Bandarini na karibu na vituo vya ulinzi uliza kwanza, hata kama ni simu tu.

Jambo jingine ni upepo wa ziwa. Usiivute ile nguzo ya katikati kwenda juu, maana ndiyo inayotikisika. Kama nguzo hiyo ina ndoano upande wa chini, tundika begi lako, ila liguse ardhi kidogo lisije likabembea. Zipo pia za kaboni, nyepesi zaidi na ghali mara kadhaa. Kama hupandi mlima kila wiki, tofauti hiyo ya uzito huilipii.

Nafasi ya 2: kifuko cha mchele

Sitanii. Mwanza ni jiji la mawe ya matale, na kila jiwe ni stendi iliyokosa kichwa tu. Mpelekee fundi mguu wa suruali ya jinzi iliyochakaa, ashone pande mbili aweke na zipu. Ukifika unakokwenda kupiga picha, jaza mchele au maharage kiasi cha robo tatu, usikijaze kikavimba. Kiweke juu ya jiwe, bonyeza shimo katikati, laza kamera humo. Inakaa kama yai kwenye kiota. Siku ya kuondoka unamwachia mwenyeji mchele apike, unarudi na kitambaa kitupu.

Udhaifu wake ni kwamba unapata picha pale jiwe lilipo, si pale unapotaka wewe. Ndiyo maana ni ya pili. Kwa mwenye pesa kidogo ningeipa ya kwanza.

Iwe stendi au kifuko, usibonyeze picha kwa kidole na kuondoka. Weka taima ya sekunde 2. Simu nyingi pia hupiga picha ukibonyeza kitufe cha sauti kwenye earphone za waya, zile ulizozitupa kwenye droo.

Nafasi ya 3: lenzi ya milimita 50, f/1.8

Hii ni kwa wenye kamera ya kubadili lenzi. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu la kupitisha mwanga ni kubwa. Lenzi iliyokuja na kamera kwa kawaida huanzia f/3.5; hii ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara nne. Umuhimu wake utauona ukiwa majini. Kwenye kivuko cha Kamanga, au juu ya meli ya MV Victoria inapoanza safari ya usiku kwenda Bukoba na jiji linabaki nyuma, stendi haikusaidii kitu kwa sababu sakafu yenyewe inatembea. Hapo unahitaji mwanga mwingi kwa muda mfupi. Nchi kavu, ukishakuwa na stendi, lenzi ya zamani itakutosha.

Nafasi ya 4: simu mpya

Futa kwanza lenzi ya simu uliyonayo. Nusu ya ile mishale ya mwanga inayotoka kwenye kila taa ni mafuta ya kidole.

Kama bado unataka kubadili, huna haja ya toleo la mwaka huu. Hali ya usiku ilifika kwenye Pixel 3 ya 2018 na iPhone 11 ya 2019, na zilizotumika zipo nyingi. Kinachofanyika ni simu kupiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha, na ukiiweka kwenye stendi iPhone hugundua imetulia na kukuruhusu sekunde nyingi zaidi. Yaani hata simu mpya inataka kitu cha nafasi ya kwanza.

Usinunue

Stendi ndefu ya plastiki yenye rangi ya fedha, na zile za miguu laini ya kujikunja kama pweza: zinapendeza dukani, zinalegea baada ya mwezi. Droni nayo ina vibali vyake, kuanzia TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), na uwanja wa ndege uko hapo hapo kando ya ziwa. Kwa safari ya siku tatu, iache nyumbani.

Ukishanunua

Jua huku huzama kati ya saa 12:30 na saa 1:15 jioni mwaka mzima, na giza haliji kwa madaha. Fika mapema. Picha iko kati ya dakika ya 15 na ya 30 baada ya jua kuzama, mbingu ikiwa bado buluu na taa za vilimani zimeshawaka. Kwenye kamera anza na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, f/8 na sekunde 8.

Ukipata siku za giza la mwezi, usikunje stendi mapema. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao, karabai zamani na sola siku hizi, na ziwa nalo linapata mji wake. Mitumbwi hiyo inayumba: shusha hadi sekunde 2, fungua lenzi mpaka mwisho wake, na pandisha ISO hadi 1600.