TAHADHARI: Huyu muuza matangi ya samaki hapa Kisumu msimtumie hata shilingi

Jamani, naandika na hasira bado zimenipanda, na sebule yangu mpaka leo inanuka tope. Siku tatu nimekuwa nikijiuliza niseme au ninyamaze, maana aibu nayo ni mzigo. Lakini jana rafiki yangu wa Migosi amenionyesha ujumbe: anataka kununua tangi lenye ovaflo na sampu (tangi dogo la chini la kuchujia maji), na anayemuuzia ni yule yule aliyenitapeli mimi. Kamwambia mpaka maneno yale yale aliyoniambia mimi. Basi sinyamazi.

Nilitaka kazi safi. Tangi la futi 4, kioo cha milimita 10, limetobolewa nyuma. Maji yakifika juu yanaingia kwenye kisanduku cha ovaflo, yanashuka kwa paipu hadi kwenye sampu ndani ya kabati, yanachujwa, kisha pampu inayarudisha juu. Shilingi 46,000, na atakuja kufunga paipu zote mwenyewe.

Msiseme nilinunua picha. Nilienda kwa miguu yangu upande wa Mamboleo kuliona likifanya kazi, nikasimama mbele yake karibu saa nzima. Nikamuuliza swali ambalo kila anayefuga samaki mji huu lazima aulize: stima zikipotea? Akatabasamu. "Mama, hilo ni swali la mtu anayejua." Akainama, akachomoa pampu kwenye soketi nikiona. Nikasikia maji ya mwisho yakigugumia kwenye paipu, kisha kimya. Akafungua mlango wa kabati nusu, akamulika sampu kwa tochi ya simu. Maji yalikuwa yamepanda kidogo tu. Akagusa valvu nyeupe kwenye paipu ya kurudisha maji, akaipigapiga kwa kidole. "Huyu ndiye askari. Maji yanapanda, hayarudi." Halafu akaanza kuniuliza habari za watoto, wanasoma wapi, yupi anapenda samaki. Nami nikajibu, tena kwa furaha! Nilipomaliza kusema, pampu ilikuwa imeshachomekwa tena. Zilikuwa dakika mbili kama zilifika. Na sampu yake siku ile haikuwa na maji hata nusu, jambo ambalo nililiona kwa macho yangu na sikulitilia maanani.

Kwa nini nilimwamini? Kwa sababu anajua kazi. Aliniambia maji ya mfereji niyaache yatulie ndiyo niweke samaki, kwa ajili ya klorini. Aliniambia chujio jipya halina bakteria wa kutosha wa kusafisha uchafu wa samaki, nisijaze samaki wote siku moja. Nilipotaka kumpa arubuni siku ya kwanza alikataa: "Usinitumie pesa mama kabla hujaona kazi." Nani angemshuku mtu wa namna hiyo?

Alhamisi usiku stima zikapotea. Saa tisa hivi mlango ukagongwa kama unavunjwa. Jirani wa chini, mzee wa watu, amesimama na shuka begani: "Mama, kwenu kuna nini? Kitanda changu kinalowa!" Nilikimbia gizani na mguu wa kwanza sebuleni ukazama. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Siaya siku ile ile, tulimkuta kwenye kochi ameinua miguu na mfuko wake mapajani. Baba watoto akapiga kelele nisisogee: ekstensheni ya pampu ilikuwa chini, ndani ya maji. Stima zingerudi dakika ile sijui ningeandika haya.

Zaidi ya lita 200 zilimwagika. Tangi lilijinyonya lenyewe kupitia paipu ya kurudisha maji, ambayo yeye aliishusha mpaka karibu na mchanga, na sampu ikajaa ikafurika. Samaki walibaki kwenye maji ya kina cha vidole vinne. Fulu wale, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, niliwapata kwa wavuvi wa Dunga, mmoja mmoja. Aina ngapi za fulu ziliisha ziwani baada ya mbuta (sangara) kuletwa miaka ya 1950, na mimi nilikuwa na hawa 19. Wamebaki 4. Jike mmoja nilimwokota akiwa na mayai mdomoni, kama wanavyolea. Bado alikuwa ameyafumbata.

Asubuhi fundi wa bomba akaifungua ile valvu, akaingiza kidole kidogo upande huu kikatokea upande ule. Tupu. Ndani pale kizibo kinaposhikiliwa kuna alama mbili za kisu. Yaani alikikata! Tukapima kioo kwa rula: milimita 6. Kioo cha milimita 6 kubeba maji ya kina cha futi 2, na watoto wangu wanakaa mbele yake wakifanya homuwaki.

Nikampigia simu. Akaniambia, "Mama, ulijaza maji mengi." Akakata. Sasa hapatikani kwenye simu.

Huyu si fundi aliyekosea, ni mwizi, na mahali pake ni ndani. Nimeshaandikisha OB polisi. Kupata mali kwa udanganyifu ni kifungu cha 313 cha sheria ya adhabu, miaka 3, na mimi naona hata hiyo 3 ni michache. Dari ya mzee wa chini nailipa mimi. Kama nawe alikutapeli, usione haya, njoo tuandikishe pamoja, mmoja hawamsikilizi lakini watano watamsikiliza. Nataka asimame mbele ya hakimu akiwa ameishika hiyo valvu.

Dalili? Jina kwenye M-Pesa lilikuwa la mwanamke, akasema ni mkewe. Risiti hakuna. Mlango wa kabati haufunguliwi wote. Na yeyote anayewauzia, mwambieni achomoe pampu kisha mnywe chai hadi iishe, ndipo mwangalie sampu. Paipu ya kurudisha itobolewe kitundu karibu na uso wa maji, ili ivute hewa na maji yakome hapo. Msitegemee valvu.

Ameshaanza kutangaza tena. Ile picha ya tangi lenye pazia la kijani nyuma, na kiti cha mbao kando, ni sebuleni kwangu, aliipiga siku aliyomaliza kufunga. Mkiona anaituma kwa mtu, mwambieni huyo mtu anipigie mimi kwanza.