Gari ilinuka vinega: uzoefu wangu na garaji moja hapa Nakuru

Nimengoja hasira ishuke ndio niandike, na haijashuka, kwa hivyo wacha niandike tu nayo hivyo hivyo.

Niko na Mercedes 230E ya 1983, ile body ya zamani kabisa, namba plate haina herufi mwisho. Si gari ya kujishaua. Nabebea vifaranga. Nachukua hapa Nakuru napelekea wateja wangu Ahero na Kisumu, kiti cha nyuma kinaingia maboksi matatu ya vifaranga mia mia, na vile hiyo gari haitingishi, kifaranga wa siku moja anafika kama hajui alisafiri. Sasa mtu asiniambie niuze ninunue probox. Nimeambiwa, nimesikia, asanteni.

Shida ilianza msimu wa mvua, sikumbuki mwezi. Asubuhi inawaka vizuri, inatembea, ikishashika joto sawasawa inazima. Haikohoi, hairuki ruki, inazima tu kama stima ikipotea. Unakaa kando ya barabara nusu saa, unapiga stata, inawaka kama hakuna kitu imefanyika. Siku moja nikafungua boneti kuangalia maji, nikaona kwa ukuta wa pembeni kile kiboksi cha ignisheni, kile kinakata na kurudisha karenti ya koili ndio plagi zipate moto, kinadondosha kitu cheusi. Nikagusa. Kinavutika kama sukari nguru imeachwa juani. Kwanza nilidhani ni oili imeruka pale.

Nikaenda garaji moja hapa tao, sitaji jina, wenyewe wanajijua. Kwa kaunta kuna jamaa, hata hakuinua macho kwa simu. "Mama, hii gari ni ya mzee wako? Mwambie akuje tuongee na yeye." Nikamwambia mzee hakuna, gari ni yangu, logbook ni yangu, na shida ni yangu. Akacheka. "Basi nani alikudanganya ununue hii?" Na kulikuwa na watu watatu wamekaa hapo kwa benchi wanangoja gari zao, wote wakaangalia viatu vyao. Nimekuwa nikipika majibu ya huyo mtu usiku mpaka leo, iko moja nzuri sana lakini siwezi andika hapa.

Ningeondoka. Nilibaki kwa sababu fundi wao wa waya, kijana mdogo mwenye heshima, alitoka na kitambaa akaangalia akasema pole pole, "Mum, hii ni ile gundi walimwaga ndani kufunika vitu vya umeme, imezeeka imeyeyuka. Tunaweza itoa tuzibe upya." Elfu nne mia tano. Nikalipa nikaenda sokoni, jioni nikarudi nikapata gari iko tayari inanguruma vizuri.

Lakini inanuka vinega. Yaani unajua chips za stage zikimwagiwa vinega mpaka karatasi inalowa? Hivyo, kutoka kwa boneti. Nikauliza. Wa kaunta akanijibu, "Hiyo ni harufu ya kazi mama. Si ulitaka izibwe? Imezibwa."

Harufu ya kazi.

Na wacha niseme ukweli, wiki kama tatu gari ilikuwa sawa, hata nikawasifu. Nilielekeza jirani yangu huko. Hiyo ndio inaniuma zaidi, venye nilikuwa natembea nikiwasifu watu na huku ndani ya kiboksi mambo yanaharibika.

Sasa siku yenyewe. Niko na maboksi matatu nyuma, nimepita Salgaa napanda Sachangwan, na kama unajua ule mlima unajua si mahali pa kuzimikiwa na gari, malori iko nyuma yako inapumua kama ng'ombe. Ikazima. Nikajivuta kando, nikangoja, ikawaka. Nikafika Mau Summit ikazima tena, na hiyo mara ya pili ikakataa kabisa. Jioni, mvua, na ile baridi ya Mau. Kifaranga wa siku ya kwanza anataka joto kama ya digrii 33, huko nje mimi mwenyewe na koti nilikuwa natetemeka. Mama mmoja wa hoteli akaniambia leta watoto ndani, tukapanga maboksi karibu na jiko, yeye anageuza chapati na mimi nahesabu. Walikufa 41. Sitasahau hiyo namba. Huyo mama wa chapati alikataa pesa, Mungu ambariki.

Mteja wangu wa Kisumu akanitafutia kenta ilikuwa inarudi tupu. Nikaacha gari kwa petroli stesheni, nikafungua kile kiboksi, ni skrubu tu, nikakiweka kwa mkoba nikapanda na kuku zangu. Kisumu nikapelekwa kwa mzee mmoja karibu na Kibuye, kazi yake ni redio na amplifaya, hata si mtu wa magari. Kabla afungue akanusa. Akaniangalia juu ya miwani. "Nyathina, mtoto wangu, nani ameweka silikoni ya gasketi hapa?"

Akakata pole pole na wembe akanionyesha. Miguu ya shaba yote imekuwa kijani, mmoja umeliwa mpaka umekatika. Akanieleza ile silikoni, ile ya kuziba injini isivuje oili, ikikauka inatoa asidi, ni ileile ya vinega, ndio harufu. Ukipaka kwa gasketi haina neno, inapeperuka. Lakini ukijaza kiboksi, inakauka kutoka nje ikienda ndani kwa sababu inangoja unyevu wa hewa, kwa hivyo huko chini inakaa mbichi siku nyingi na asidi imefungiwa humo pamoja na waya nyembamba. Iko silikoni nyingine haina hiyo harufu, hiyo ndio watu wa umeme hutumia. Halafu akageuza chini. Pasafi kama sahani. Akauliza ile pesti nyeupe iko wapi, ile inakaa kama dawa ya meno, inapakwa kati ya kiboksi na bodi ya gari ndio joto lipite liende kwa bodi. Walipangusa na hawakurudisha. Kwa hivyo kiboksi kilikuwa kinaliwa na huku kinachemka.

Na ile gundi ya kwanza? Akasema kazi yake ilikuwa kuzuia unyevu na kushikilia vitu visitingike, na ni miaka 40 mama, joto na unyevu hugeuza gundi zingine zikarudi kuwa uji. Kama gari bado ilikuwa inawaka ungepangusa tu, upake pesti mpya, uanze kutafuta kiboksi kingine taratibu. Akapigia mtu wa skrepa simu, nikapata kimoja cha mkono wa pili, akakipima, nikarudi nacho na matatu mpaka Mau Summit. Imetembea tangu hiyo siku bila neno.

Sasa, kusema ukweli wote, nilikuwa nimeenda kuosha injini na mashine ya presha kwa kaa wosh muda mfupi kabla hii maneno ianze. Na ni mimi nilisema "zibeni tu hiyo kitu isidondoke tena". Kwa hivyo niliporudi pale garaji kupigana, nilikuwa nusu ya hasira na nusu ya aibu. Nikampata yule kijana peke yake. Nikampa ile silikoni mzee alitoa, anuse. Akanyamaza. Akasema alipewa tyubu kutoka kaunta akaambiwa zote ni sawa, na hiyo pesti hajawahi onyeshwa na mtu. Kesho yake nikaona M-Pesa ya elfu mbili, kutoka kwa simu yake, si ya garaji. Nikarudisha. Akatuma tena.

Nikasema basi, nitawapa nyota tatu, binadamu hukosea, na waya za oltaneta alizonifungia siku ileile ziko imara mpaka sasa. Nilikuwa nimefika kwa mlango natoka, nimeshapoa, ndio yule wa kaunta akaingia na soda mkononi. "Ah, mama kuku! Si nilikwambia ulete mzee?"

Nyota moja. Ni ya kijana. Akihama hapo nijulisheni niitoe.