TAHADHARI: anauza katriji za Commodore 64, ndani hamna kitu

Ndugu zangu mnaofuga mashine za zamani, hasa mlioko Tanga, Muheza na Pangani, kuna mtu anauza katriji za memori kadi za Commodore 64, ile kompyuta ya miaka ya 1980. Mimi ameshanipiga laki moja na arobaini. Jina lake silitaji kwa sababu hata silijui: hela nilipotuma lilitokea jina la mwanamke, akaniambia ni laini ya mkewe. Nami nikabonyeza tu.

Kompyuta ni ya marehemu baba mdogo, alirudi nayo Ngamiani enzi zake za ubaharia. Miaka yote nimetumia kaseti, unaweka mchezo, unakwenda kusali, unarudi mchezo bado unapakia. Sasa hizi katriji za flashi, zile za kweli, unachomeka nyuma, unachagua faili kwenye menyu, sekunde chache unacheza. Ndiyo maana nilikuwa na hamu, na mwenye hamu haulizi maswali.

Mzigo ulishuka kwa basi stendi ya Kange. Ganda safi, stika safi, kadi imeandikwa GB 64. Nikazima mashine, nikachomeka, nikawasha. (Msije mkachomeka katriji mashine ikiwa inawaka, mnaweza kuiunguza.) Menyu hamna. Skrini ya bluu ile ile ya siku zote, juu imeandika baiti za kumbukumbu zilizo wazi.

Nikampigia. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Hebu nisomee kaka, hapo juu imeandika baiti ngapi?"

30719.

"Na ukiichomoa?"

38911.

"Sasa si umeona mwenyewe? Mashine imeisoma. Katriji nzima, chipu ya kompyuta yako ndiyo imekufa. Nina fundi wangu, tuma elfu themanini na hiyo kompyuta uilete."

Hapo aliniweza. Namba kweli ilikuwa imebadilika, naiona kwa macho yangu. Usiku ule nililala nikiamini nimeiua kompyuta ya baba mdogo kwa mkono wangu.

Asubuhi, chai ikiwa mezani, nikapiga hesabu. 38911 toa 30719 unapata 8192, yaani KB 8 kamili, haipungui wala haizidi baiti moja. Hesabu ya mashine mbovu kwa kawaida haiji safi namna ile. Lile tundu la nyuma lina pini 44, na mojawapo inaitwa EXROM. Ukiiunganisha na pini ya ardhi (ya umeme), Commodore inaamini kuna katriji ya KB 8 na inaiachia nafasi kwenye kumbukumbu, hata kama ulichochomeka ni ganda tupu.

Nikafungua ganda. Ndani kuna kiwaya kimoja kimepigwa lehemu kutoka pini ya EXROM hadi ardhi. Chipu hata moja hamna. Kitundu cha kadi kimebandikwa kwa gundi, hakijaungwa popote. Yaani huyu bwana alikaa chini akaisoma mashine hii, akaielewa kuliko wengi wetu tunaojiita wapenzi wake, ili aje aibe laki na nusu isiyotimia. Na kadi yenyewe nikaijaribu kwenye laptopu kwa F3, programu ya kupima ukubwa wa kweli wa kadi: GB 64 za stika, GB 8 za kweli. Ukijaza zaidi ya hapo faili zinapotea kimya kimya.

Anayetaka kununua kwa yeyote, adai kwanza picha ya bodi ikiwa wazi, aone chipu, na adai video ya mashine ikiwashwa huku karatasi yenye jina lake na tarehe ya siku hiyo iko pembeni. Video aliyonitumia mimi, nikiitazama sasa, ni emuleta, yaani programu inayoiga Commodore kwenye laptopu, amekata tu kingo. Na hizo elfu themanini za fundi msitume, na kompyuta msipeleke, maana nadhani hiyo ndiyo biashara yenyewe.

Meseji zake nimezipeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli. Simu yake haipatikani tangu Jumapili, lakini atarudi na laini nyingine na jina jingine. Mtamjua kwa lile swali lake la upole, imeandika baiti ngapi.