Deb, Flatpak, Snap na AppImage: ipi imebaki kwenye mashine za steshenari yangu

Steshenari yangu inafanya kazi zile zile za kila steshenari: barua, fotokopi, picha za pasipoti, kadi za michango ya harusi, mabango ya mahafali. Kompyuta zote ni mitumba, RAM kati ya GB 4 na 8, SSD ndogo. Zina mfumo wa Linux Mint 22, isipokuwa moja niliyoiacha na Ubuntu 24.04, mfumo mwingine wa Linux. Intaneti ni bando la simu, kwa hotspoti. Nayataja haya mapema kwa sababu wengi wanaolinganisha pakeji za Linux (vifurushi vinavyoleta programu kwenye kompyuta, na deb, Flatpak, Snap na AppImage ni aina zake nne) hawahesabu MB, wanabishana kuhusu sekunde ambazo programu inachukua kufunguka. Mimi nauliza mambo mawili: nani anaamua bando langu liliwe saa ngapi, na nikishapakua kitu mara moja, naweza kukigawia mashine nyingine?

Kwa kipimo hicho deb, pakeji ya kawaida ya Ubuntu na Mint inayosakinishwa kwa amri ya apt kutoka ghala la mfumo, inaongoza kwa mbali. Programu zinatumia kwa pamoja maktaba (vipande vya programu vya kushirikiana) zilizomo tayari kwenye mfumo, hivyo kinachoshuka ni kidogo. LibreOffice, VLC, Inkscape, skana, draiva za printa: vyote nimevichukua huko. Draiva hasa, maana Flatpak haikutengenezwa kwa kazi ya kuleta draiva za printa.

Halafu kuna apt-cacher-ng, kitu ambacho sielewi kwa nini hakitajwi zaidi kwetu. Unaiweka kwenye mashine moja, zilizobaki unazielekeza kwake kwenye poti 3142. Mashine ya kwanza ikishapakua pakeji, nyingine zinaichota humo humo ndani ya duka bila kugusa bando. Kama hutaki habari za seva, basi sakinisha kwa apt-get badala ya apt. Amri ya apt hufuta faili za deb ikimaliza kazi, lakini apt-get huziacha kwenye /var/cache/apt/archives, unazinakili kwenye flashi na kwenda nazo kokote.

Ubaya wa deb unajulikana: toleo linagandishwa. GIMP 3.0, programu ya kuhariri picha, ilitoka Machi 2025, baada ya miaka karibu saba ya kusubiri tangu 2.10, na Mint 22 kwenye ghala lake imebaki na hiyo 2.10. Kwa barua na fotokopi haijalishi. Kwa kadi za harusi inajalisha sana, kwa sababu GIMP 3 hukuruhusu kurudi kwenye kivuli au ukungu uliouweka jana na kuubadilisha bila kuanza upya, na mteja wa kadi za harusi habadili mawazo mara moja. Hapo ndipo Flatpak, pakeji inayokuja na msingi wake badala ya kutegemea maktaba za mfumo, ilipoingia dukani.

Flatpak inakutoza kiingilio. GIMP haishuki peke yake. Inakuja na msingi inaoutegemea, wa GNOME (mradi mmojawapo wa programu za Linux), ule wanaouita rantaimu, pamoja na draiva za michoro. Kabla hujafungua picha hata moja, mamia ya MB yamekwenda. Programu ya pili inayotumia msingi ule ule inashuka ikiwa nyepesi zaidi, ila shida ni kwamba mara nyingi msingi si ule ule: GNOME hutoa mpya kila miezi sita, KDE, mradi mwingine, ina wa kwake, na programu ambayo mtengenezaji wake amezembea inabaki kwenye wa zamani. Ukiwa na programu tano unaweza kujikuta umebeba misingi mitatu. Amri ya flatpak uninstall --unused husafisha isiyotumika tena, na kwenye SSD ndogo naiendesha kila baada ya masasisho makubwa. Mwenye kadi ya michoro ya NVIDIA aongeze na gharama nyingine: draiva ya mfumo ikibadilika toleo, Flatpak nayo inashusha nakala yake.

Pamoja na hayo naipenda. Kwenye Mint haisasishi chochote mpaka niseme. Masasisho yake yanajipanga kwenye kidirisha kile kile cha masasisho ya mfumo, nami nachagua siku yenye bando la kutosha. Fonti zangu zote za mapambo, nilizokusanya kwa miaka, zinaonekana ndani ya programu bila kufanya lolote. Na jambo lililonishawishi kuliko yote ni flatpak create-usb. Kwanza unatoa amri flatpak remote-modify --collection-id=org.flathub.Stable flathub (Flathub ndilo ghala kuu la Flatpak), kisha unaiambia create-usb inakili programu unayotaka kwenye flashi, nayo inabeba na msingi wake. Mashine ya pili unaipa amri ile ile ya kwanza, halafu unasakinisha kwa --sideload-repo ukiielekeza kwenye flashi. Mzigo mzito nimeulipia mara moja tu.

Kuhusu kizimba cha usalama cha Flatpak, kile cha kuizuia programu isiguse visivyoihusu, kinachosifiwa sana, soma ruhusa kwanza. GIMP yenyewe kwenye Flathub inapewa mafaili yako yote, kwa hiyo hapo kizimba ni mlango wazi. Programu nyingine kinyume chake: zinaona folda ya vipakuliwa tu, na mteja akileta kazi kwenye flashi hazioni kitu. Programu ya Flatseal ndiyo dawa yake, unafungua ruhusa kwa kubofya. Mint 22 pia inaficha Flatpak ambazo hazijathibitishwa kuwa zimetoka kwa mwenye programu, na naona ni uamuzi mzuri.

AppImage naitumia kuonja. Faili moja, unaipa ruhusa ya kuendeshwa, unabofya, hukuipenda unaifuta. Inakaa kwenye flashi na haihitaji kusakinishwa. Lakini nyingi bado zinadai FUSE ya zamani, kifaa cha mfumo kinachoifungua faili hiyo, na kwenye Ubuntu 24.04 inabidi uongeze pakeji ya libfuse2t64. Kusasisha ni juu yako, kizimba hakuna, na hakuna anayekagua kabla yako. Ichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe au uiache.

Sasa Snap. Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, waliileta kwenye kompyuta za kawaida na Ubuntu 16.04, mwaka 2016, na ina mazuri ambayo wapinzani wake hawapendi kuyataja. Inahifadhi toleo lililopita, kwa hiyo sasisho likiharibu kazi, snap revert inakurudisha ulikokuwa. Inabeba pia programu za terminali na za seva, jambo ambalo Flatpak haikulengwa kulifanya. Ila kwa hali yangu hainifai, kwa sababu kwa kawaida inaangalia masasisho mara nne kwa siku na kuyashusha yenyewe. Unaweza kuizuia kwa snap refresh --hold, au kuiamuru isubiri ukiwa kwenye mtandao wa kulipia kwa snap set system refresh.metered=hold. Hata hivyo naona ajabu kwamba mwenye bando ndiye anayetakiwa kwenda kutafuta amri ya kulilinda. Tena duka ni moja, na seva yake si programu huria. Flatpak unaweza kuongeza ghala la mtu yeyote, hata la kwako. Linux Mint waliizuia Snap tangu toleo la 20, mwaka 2020, na sijawahi kuona sababu ya kuifungua.

Kwenye ile mashine ya Ubuntu suala ni Firefox, ambayo tangu 22.04 ni Snap: hata ukiandika apt install firefox, inayokuja ni hiyo hiyo. Kwa bahati Mozilla, watengenezaji wenyewe wa Firefox, wana ghala la apt lenye deb ya Firefox tangu Januari 2024, na ndilo ninalotumia. Usisahau kuweka faili la vipaumbele kwenye /etc/apt/preferences.d lenye alama 1000 kwa packages.mozilla.org. Pakeji ya Ubuntu ina namba ya toleo inayoanza na 1:1snap1, apt inaiona ni kubwa kuliko ya Mozilla, na bila faili hilo itakurudishia Snap.