Vim Inakwama Rangi Zikiwashwa? Tunachambua syntime

Habari zenu, ndugu watazamaji. Leo tunachambua kifaa ambacho wengi wenu mnacho tayari ndani ya kompyuta na hamjawahi kukiwasha. Kinaitwa syntime, kimo ndani ya Vim yenyewe, ile programu ya kuhariri maandishi, na kinakuonyesha ni kanuni gani ya kupaka rangi msimbo inayokula muda wakati kishale kinatambaa na herufi unazobonyeza zinachelewa kutokea. Msimamo wangu nautoa mapema: usiguse vimrc yako, yaani faili la mipangilio ya Vim, kabla hujapima.

Kwanza tuhakikishe mgonjwa ni huyu. Nimefungua faili la TypeScript, nashuka nalo, mnaona linavyokwamakwama. Naandika :syntax off. Sasa linateleza. Basi tatizo ni rangi. Lingeendelea kukwama, tusingekuwa na haja ya syntime.

Hatua inayofuata ni kufungua faili hilohilo kwa vim --clean, tujue kama kosa ni la mipangilio yako. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ushauri unaozunguka ni kutumia vim -u NONE. Ukitumia -u NONE, rangi hazipo kabisa, kwa hiyo lazima faili lionekane jepesi, nawe utailaumu vimrc bila kosa. --clean inaacha mipangilio yako na plagini zako pembeni lakini rangi zinabaki. Huo ndio ulinganisho wa haki.

Haya, sasa syntime. Naandika :syntime on. Napita kwenye sehemu zile nzito za faili, nabonyeza Ctrl na L ili skrini ichorwe upya, kisha :syntime report. Tazameni jedwali. Safu ya kwanza, TOTAL, ni jumla ya sekunde zilizotumika, na mzigo mkubwa umepangwa juu. COUNT ni mara ngapi ruwaza, yaani umbo la maandishi ambalo kanuni inalitafuta, imejaribiwa, MATCH ni mara ngapi imefanikiwa. SLOWEST ni jaribio lililochukua muda mrefu kuliko yote. Mwishoni kuna jina la kanuni na ruwaza yenyewe.

Mimi naanza na COUNT na MATCH kwa pamoja. Ruwaza iliyojaribiwa maelfu ya mara bila kufanikiwa hata mara moja inakula muda bure. Vim inapaka rangi kwa kulinganisha maandishi na ruwaza hizi, na skrini ikichorwa upya kazi inarudiwa. Ndiyo maana cursorline (inayoangazia mstari wa kishale) na relativenumber (namba za mistari zinazohesabiwa kutoka kwenye kishale) huongeza uzito: kila ukisogeza kishale, kuna mistari ya kuchora tena.

Kwenye faili hili la TypeScript, SLOWEST ziko juu karibu kila mahali. Hapo naitilia shaka injini. Vim ina injini mbili za kulinganisha ruwaza: ile ya zamani, ambayo ikikwama njia moja hurudi nyuma kujaribu nyingine, na mpya iliyokuja na Vim 7.4 mwaka 2013. Naandika :set re? na jibu ni 1, yaani injini ya zamani. Mkosaji huyo hapo! Miaka ile watu wa lugha ya Ruby walishauriana kuweka set re=1 kwa sababu mafaili ya Ruby yalikuwa mazito kwa injini mpya, na ushauri ukaenea vimrc hadi vimrc. Ni kumnywesha mgonjwa huyu dawa ya yule. Kwa TypeScript, 1 inaweza kuikwamisha Vim kabisa. Narudisha :set re=0, Vim ijichagulie yenyewe. Tazameni tofauti.

Faili la pili ni JSON iliyobanwa kwenye mstari mmoja. Dawa yake ni synmaxcol. Kwa kawaida Vim hupaka rangi hadi safu ya 3000 ya mstari, na hizo ni nyingi mno. Mimi naweka :set synmaxcol=200. Gharama yake ni kwamba baada ya safu hiyo hakuna rangi, na mistari inayofuata inaweza kupakwa vibaya. Naikubali gharama hiyo.

Kuna jambo moja linaniudhi kweli. Mkiona ujumbe kwamba redrawtime, yaani muda unaoruhusiwa wa kuchora skrini, imepitwa na rangi zimezimwa, msikimbilie kuongeza namba. Kikomo ni milisekunde 2000. Kukipandisha hadi 10000 ni kuomba usubirishwe zaidi. Pimeni.

Kasoro za syntime zipo. Haikuonyeshi faili ambalo kanuni imetoka, jina la kanuni tu, kwa hiyo utaenda kutafuta mwenyewe kwenye folda ya syntax. Pia inahitaji Vim iliyojengwa na +profile, uwezo wa kupima muda. Angalieni kwa :version. Ile vim.tiny inayokuja na Debian na Ubuntu haina, hata rangi haina, kwa hiyo sakinisheni kifurushi cha vim chenyewe. Neovim, ndugu ya Vim iliyotokana nayo, tangu toleo la 0.5 la mwaka 2021, ina njia ya treesitter inayochanganua msimbo kama mti, na naipenda, lakini kwenye seva ya mtu mwingine mara nyingi utaikuta Vim.

Na kwa sisi wa Afrika Mashariki, ule ujumbe unaouona ukifungua Vim tupu, kuhusu watoto wa Uganda, ni wa kweli. Bram Moolenaar, aliyeitoa Vim mwaka 1991 na kufariki Agosti 2023, alifanya kazi Kibaale, kusini mwa Uganda, na badala ya kuuza programu aliwaomba watumiaji wawachangie watoto wa huko. Namheshimu sana kwa hilo.

Jedwali likionyesha sekunde chache mno na bado mnakwama, achaneni na ruwaza. Jaribuni :NoMatchParen, amri ya kuzima plagini inayoangazia mabano. Kisha tazameni foldmethod, njia ya kukunja sehemu za faili: ikiwa ni syntax, wekeni manual mnapoandika.