Deli la kubebea samaki: kuta poa, mfuniko wizi mtupu

Nina hasira na hili deli jamani. Nililinunua duka moja hapa Mwanza mjini ili nitume sato kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba kwenda Dodoma, jamaa akaniambia "mwalimu, hili ukuta wake mnene mara mbili ya yale mengine, barafu inakaa mara nne". Mara nne kaitoa wapi? Fourier, yule mwanahisabati Mfaransa wa mambo ya joto, kashaandika tangu 1822, ukuta ukinenepa mara mbili joto linalopita linabaki nusu, so barafu inakaa mara mbili, basi. Hiyo mara nne ni ya kitu kingine, muda wa ubaridi kufika katikati ya nyama: sangara mwenye unene mara mbili anataka kama mara nne ya muda, ndo maana wale wakubwa unawakuta nje freshi katikati washaanza kuharibika.

Haya, hata mara mbili ningeridhika. Nikapiga hesabu: povu la ukutani sentimita 3, nje nyuzi 27 ndani sifuri, eneo kama mita moja ya mraba, zinapita kama wati 30. Kilo moja ya barafu inataka kilojuli 334 ili iyeyuke, kwa hiyo weka kilo 10 na samaki kilo 10, toa kilo 3 za kuwapoza, zilizobaki zinavuka saa 20 na basi linafika usiku huohuo. Likafika maji matupu! Konda kanipigia anafoka eti maji ya samaki yamelowesha mabegi ya abiria, dada kapokea sato wamelegea macho meupe.

Shida mfuniko. Kwenye kona noti ya elfu kumi inapita bila kugusa popote, hewa ya moto inaingia inavyotaka, sasa ukuta mnene unasaidia nini? Nikalirudisha. Jamaa hata hakuinua macho kwenye simu, "mwalimu hesabu zako peleka darasani, hapa tunauza madeli". Mbele za wateja! Na aliyeanza na mara nne ni yeye.

Nyota moja. Ila ukweli usemwe, kuta ziko vizuri, juzi nimezungushia mfuniko mpira wa mlango wa friji nikakaza na kamba ya manila, asubuhi barafu bado ipo kibao. Basi tatu... hapana, nikikumbuka hiyo "peleka darasani" narudi kwenye moja. Deli chukueni, ila kwa duka jingine, na mpitishe noti kwenye kona kabla hamjalipa.